Mlango wa Chumba cha Kukatia

Katika karakana yetu ya kushona sare kuna mlango mmoja ambao haufunguliwi ovyo. Ni mlango wa chumba cha kukatia. Humo mna meza ndefu ambayo watu wanane wangeweza kulala juu yake bila kugusana, na kitambaa hutandazwa juu ya meza hiyo tabaka baada ya tabaka, hamsini au sitini, kisha karatasi yenye michoro ya mikono, kola na mifuko hulazwa juu kabisa. Mkataji huvaa glavu ya chuma mkono wa kushoto, hushika mashine ya umeme yenye kisu kilichosimama wima, akaiingiza kwenye rundo lile na kufuata mistari. Akikosea upana wa ukucha, amekosea mashati sitini. Kwa hiyo kisu kikiwa kinakata, feni huzimwa, dirisha hufungwa na mlango hufungwa, maana upepo ukipenya kidogo tabaka za juu huteleza. Bitana ndiyo mbaya zaidi, kile kitambaa laini cha ndani ya makoti, ambacho hata ukikipumulia kinahama. Mwenye shida na mkataji husubiri kisu kinyamaze na mlango ufunguliwe kutoka ndani. Hata mwenye karakana husubiri.

Mkataji wetu ni binti yangu. Ana miaka ishirini na sita. Karakana nzima wanamwita Rula, kwa urefu wake na kwa kuwa mkono wake haupindi, na mimi nikawa Mama Rula, hadi jina langu nalisikia tu nikienda ofisi za serikali. Kazi yangu ni kukata nyuzi. Nguo ikitoka kwa mafundi naipokea, naigeuza ndani nje, nakata nyuzi zinazoning'inia kwa kimkasi kidogo, naitupa kwenye kikapu cha mpiga pasi. Kigoda changu kilikuwa hatua sita kutoka mlango ule. Nilipachagua mahali pale mwenyewe siku binti yangu alipopewa meza, na nikiulizwa nilisema nafuata mwanga.

Sikuwa nafuata mwanga. Baba yake alifariki asubuhi moja akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda anafunga kamba za kiatu. Alikuwa na miaka arobaini na moja, hajawahi hata kulazwa. Aliweka mkono kifuani, akasema, "Nimechoka kidogo," akaegemea ukuta. Mtoto alikuwa na miaka kumi na mmoja, amesimama mbele yake na kiatu cha pili, amekwisha kukipiga rangi. Tangu siku hiyo sina tabia ya kumpa mtu wangu mgongo. Nawatazama. Nikisikia mtu anapumua vibaya kwenye foleni, hata simjui, namtazama.

Sasa mwaka jana, siku ya kwanza ya mambo haya, Rula alikuwa anakata bitana ya makoti ya walinzi. Nilikuwa nasikia kisu. Mtu aliyekaa miaka kumi na tisa katika kazi hii anakisoma kisu kwa masikio: kinavuma mstari ulionyooka, kinashusha sauti kwenye kona, kinanyamaza kidogo mkataji anapozunguka meza, kinavuma tena. Siku hiyo kilinyamaza katikati ya mstari. Kisha mlango ukafunguka kutoka ndani, kazi haijafika hata nusu.

Alisimama pale mlangoni uso umempauka, jasho linatiririka hadi kwenye kola, mkono mmoja kifuani. Ule mkono kifuani ndio nilioukazia macho.

"Mama," akasema, "nakufa."

Hakupiga kelele. Alisema kama mtu anayetoa taarifa. Midomo ilikuwa inamtetemeka na vidole vimejikunja kama makucha ya kuku. Tulimbeba. Mshonaji mmoja tunayemwita Redio, kwa kuwa hazimiki, alikimbilia gari la kusambaza nguo, akamwachisha dereva chakula na kumpandisha garini kwa mdomo wake tu. Njia nzima niliweka sikio kifuani pa mwanangu. Moyo ulikuwa unakimbia mithili ya sungura aliyefungiwa kwenye gunia.

Hospitali walimwekea nyaya kifuani, wakamtoa damu, wakampiga picha. Tulipofika pale alikuwa ameshaanza kupumua vizuri, na kadiri alivyokuwa anapata nafuu ndivyo nilivyozidi kuogopa kwamba watamwona mzima na kuturudisha. Ndivyo ilivyokuwa. Daktari, kijana mwenye macho ya kukosa usingizi, alisoma zile karatasi akasema moyo ni mzima, damu iko sawa, sukari iko sawa, tezi ya shingoni iko sawa.

"Mbona alikuwa anakufa?" nikamuuliza.

"Hakuwa anakufa, mama. Alikuwa anahisi kama anakufa."

"Na baba yake alihisi kitu gani?"

Daktari akachukua kalamu. Aliandika kikaratasi cha kutupeleka kwa mshauri wa magonjwa ya akili, chumba namba tisa. Nilikikunja nikakitia kwenye mkoba, chini kabisa, pamoja na vifungo na pini. Mwanangu hakuwa mwendawazimu. Wiki iliyofuata nikampeleka hospitali nyingine, nikiamini hawa wa kwanza wamepitiwa. Nao wakasema moyo ni mzima.

Ile hali ikarudi. Ilimkuta kwenye foleni ya kulipia umeme, ikamkuta bafuni na sabuni machoni, ikamkuta amekaa tu anakunywa chai. Kila mara ni yale yale: moyo unaanza kukimbia bila kukimbizwa, hewa inakuwa nzito, mikono inakufa ganzi, kila kitu kinakuwa mbali kama anakitazama kupitia chupa, na ndani yake sauti moja tu, kwamba hii ndiyo ya mwisho. Baada ya robo saa au nusu imekwisha, na yeye amekamuka kama nguo iliyosokotwa.

Lakini zile robo saa hazikuwa nyingi. Nikihesabu, kwa mwezi zilikuwa tano, sita. Kilichotumaliza ni siku zilizokuwa katikati. Aliacha chai, kwa kuwa ilimkuta na chai. Aliacha foleni. Aliacha kuoga amefunga mlango. Akaacha ngazi, maana akipanda ngazi moyo unadunda, na moyo ukidunda anadhani ndiyo inakuja, na akidhani ndiyo inakuja, inakuja kweli. Rafiki zake wakimwita anasema ana kazi. Akawa anapita njia moja tu kwenda kazini, ile inayopita mbele ya zahanati, ingawa ni ndefu.

Mimi nilimsaidia katika yote hayo. Nataka kulisema hili wazi, maana baadaye ndipo nilipojua nilikuwa nasaidia nini. Foleni nilipanga mimi. Akioga nilikaa na kigoda nje ya mlango wa bafu, nikimsemesha, na asiponijibu upesi naingia. Asubuhi kabla hajafumbua macho vizuri nilikuwa nimeshamshika kiganja, nampima mapigo kwa saa ya ukutani. Nilikuwa nampigia simu akiwa chooni. Redio alisema, "Mama Rula, huyo mtoto ungeweza ungemrudisha tumboni." Watu walicheka, na mimi nilicheka, na moyoni nilisema ningeweza kweli ningemrudisha.

Kila mtu alikuwa na lake. Jirani alisema ni vidonda vya tumbo. Mpiga pasi alisema ni mimba inayotafuta njia ya kutangazwa. Shemeji yangu alisema ni uvivu wenye jina la kizungu. Rula alisikiliza wote, akanywa dawa za wote, isipokuwa ya shemeji, ambaye dawa yake ilikuwa maneno.

Kazini akaanza kukata mlango ukiwa wazi. Kwa kitambaa kizito, kama kile cha kaptura, unaweza kujiibia hivyo. Bitana huwezi. Bitana ikarundikana kwenye mashelfu, makoti yakakaa bila ndani. Msimamizi wetu si mtu mbaya. Alikuja mezani kwa Rula mchana mmoja akiwa ameshika kofia yake.

"Rula, mdogo wangu, mimi kisu sijui kushika. Najua kuhesabu makoti tu. Mpaka mwisho wa mwezi ujao nitakusubiri. Ukishindwa kufunga mlango, itabidi nilete mkataji mwingine."

"Na mimi?"

"Utakaa na mama. Nyuzi haziishi."

Rula alinitazama kupitia ule mlango uliokuwa wazi. Mimi na kigoda changu, na kimkasi changu, na mgongo wangu uliopinda kwa miaka kumi na tisa. Alikuwa amefagia chumba kile miaka miwili na kutandaza vitambaa miaka miwili mingine kabla hajaruhusiwa kugusa kisu. Ile meza ndiyo kitu pekee ambacho hakikutoka kwangu wala kwa baba yake. Jioni alifungua mkoba wangu kutafuta pini, akakipata kile kikaratasi.

"Hiki ni cha lini?"

Nikamwambia.

"Miezi saba, Mama," akasema. Akakinyoosha juu ya goti lake kwa kiganja, pole pole, kama anavyonyoosha kitambaa.

Mshauri wa chumba namba tisa alikuwa mwanamke wa rika langu, mnene, amevaa ndala kwa sababu miguu ilikuwa imemvimba. Hakuonekana kushangazwa na chochote. Alimwacha Rula aseme hadi mwisho, kisha akasema kitu hiki kina jina, ni hofu ya ghafla. Mwili una namna yake ya kujiandaa kukimbia hatari: moyo unakwenda mbio, pumzi inaongezeka, damu inakwenda kwenye misuli, vidole vinachonyota. Hayo yote ni mazuri ukifukuzwa na mbwa. Shida ni pale yanapoanza na mbwa hayupo.

"Kama mashine iliyokanyagwa pedali bila kitambaa," Rula akasema.

"Mashine ikikanyagwa hivyo inavunjika?"

"Haivunjiki. Inapiga kelele, inasokota uzi. Ukiiacha inasimama."

"Basi umenisaidia kazi." Mshauri akaandika kitu. "Ikimpata mtu mara moja si ugonjwa. Inakuwa ugonjwa pale mtu anapoiogopa yenyewe, akaanza kupanga maisha yake kwa kuikimbia. Inapanda, inafika juu kwa dakika kama kumi, kisha inashuka. Inashuka yenyewe. Lakini wewe hujawahi kuiona ikishuka yenyewe, kwa sababu kila mara unakimbia, au mama anafika."

Hapo akanigeukia. "Mama, ukimshika mkono kila inapokuja, mwili wake unajifunza kwamba amepona kwa sababu ya mkono wako. Kesho mkono usipokuwepo?"

"Una mtoto?" nikamuuliza.

"Ninao watatu."

"Umewahi kumwona mtu wako anakufa amekaa?"

"La, mama. Hilo sijaliona."

"Basi."

Rula alinigusa goti nisiendelee. Mshauri hakukasirika. Alisema kuna vidonge ambavyo daktari anaweza kumwandikia, huchukua wiki kadhaa kabla ya kufanya kazi, na kuna mazoezi, na mazoezi ndiyo yatakayomrudisha kwenye meza. Akayaeleza. Nilidhani ni utani. Alitaka mwanangu ajitafutie ile hali kwa makusudi. Apande ngazi mbio hadi moyo udunde, asimame juu pale, asishike ukuta, asikae, asipige simu, angoje. Ajizungushe kwenye kiti hadi kizunguzungu. Akae bafuni amefunga mlango, dakika mbili, kesho nne.

Rula alifanya yote. Nyuma ya karakana kuna ngazi za chuma za kwenda stoo, na kila siku wakati wa chakula alizipanda mbio mara tatu. Nilikaa chini na sahani mapajani, sikula. Nilimwona amesimama juu pale, mikono pembeni, midomo myeupe, akitazama mbele. Siku ya kwanza alilia. Siku ya kumi na kitu alishuka akaniuliza kama nimemwachia chakula. Redio akamwambia, "Wewe ukipona utakimbia mashindano, sisi tukushonee bendera." Rula akasema bendera asishone Redio, itakuwa na mkono mmoja mrefu. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akijibu utani tangu mwaka kugeuka.

Wiki ya mwisho ya muda wake akaomba atandaziwe bitana. Tabaka hamsini. Msimamizi alizima feni kwa mkono wake. Kabla ya kufunga mlango Rula alikuja kwenye kigoda changu, akachuchumaa.

"Mama, nikinyamaza humo ndani, usije."

"Sawa."

"Nitanyamaza. Nina hakika itakuja, nayo nitaisubiri nikiwa nimesimama. Usije, Mama."

"Nimesikia, mama."

Akaenda, akafunga.

Kisu kikaanza. Kikavuma mstari, kikashusha kwenye kona, kikavuma. Nilikata nyuzi za mashati mawili. Kisha kikanyamaza katikati ya mstari, kama siku ile ya kwanza.

Niliangalia saa yangu ya mkononi. Dakika moja, mbili. Mafundi waliokuwa karibu wakapunguza kasi ya mashine zao, nao walikuwa wanasikiliza. Dakika nne. Nikasimama, nikakaa. Dakika sita. Redio alinitikisia kichwa, kwamba nitulie. Dakika ya nane nilianza kumwona baba yake ameegemea ukuta, na kiatu kimoja mguuni. Nilijiambia aliniomba, niliahidi. Dakika ya tisa sikuwa tena na kichwa cha kujiambia kitu. Zilikuwa hatua sita tu. Nikaufungua mlango.

Nyuma yangu lango kubwa la kupakilia nguo lilikuwa wazi. Upepo ukapita juu ya bega langu, ukaingia.

Niliyoyaona niliyaona mara moja. Rula alikuwa amesimama wima mezani, uso umelowa lakini umetulia, na wakati ule ule nilipogusa kitasa alikuwa amewasha kisu tena. Ile glavu ya chuma ya mkono wa kushoto ilikuwa imelala pembeni. Aliivua vidole vilipomfia ganzi, akawa anavisugua. Karatasi ya michoro ikanyanyuka, bitana ya juu ikateleza kama maji, na mkono wake wa kushoto, kwa mazoea ya miaka, ukaruka kuikandamiza. Mkataji yeyote angefanya hivyo. Kisu kiko pale pale.

Kilichukua ncha ya kidole cha shahada, hadi chini ya ukucha.

Alizima mashine. Hicho ndicho alichofanya kwanza. Akavuta kipande cha bitana, akakizungusha kidoleni mara nyingi, akauinua mkono juu. Damu ilikuwa inashuka hadi kwenye kiwiko na yeye anaitazama kama kitu kinachohitaji kupangiwa tu mahali.

"Msimamizi," akaita, "nahitaji gari. Ile ncha iko mezani, itieni kwenye mfuko safi na barafu."

Na mimi? Nilikuwa nimekaa chini, sijui nilikaaje. Moyo ulikuwa unanipiga hadi kwenye meno. Hewa ilifika kooni ikagoma. Mikono yangu niliiona mbali, si yangu, vidole vimejikunja kama makucha ya kuku. Nikajua nakufa, vile mtu anavyojua jina lake. Nikajua tu kwamba ndiyo hii, ndiyo aliyoiona mume wangu, imenifuata.

Rula akachuchumaa mbele yangu, mkono juu, damu ikidondoka sakafuni katikati yetu.

"Mama. Nitazame. Moyo unakwenda mbio?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Vidole vimekufa ganzi. Unaona watu wako mbali. Unadhani unakufa."

Nikakubali tena.

"Ndiyo hiyo. Usipigane nayo. Itapanda, halafu itashuka. Mimi naondoka, Mama. Sikushiki mkono. Redio, usimshike. Kaa naye tu."

Akaenda akapanda gari. Nilimwona mgongo wake. Nikabaki sakafuni, na ile hali ikapanda hadi nikaona hakuna juu zaidi ya hapo, ikakaa, kisha, sijui kwa nini, ikaanza kulegea. Hakuna aliyenigusa. Redio aliketi karibu yangu kimya, na hiyo peke yake ilionyesha mambo yalikuwa mazito.

Kidole hawakuweza kukiunga. Walikishona, na sasa ni kifupi, kina ngozi inayong'aa. Katika wiki zile za kufunga bendeji hakunilaumu. Heri angenilaumu. Jioni moja nilipokuwa namkatia nyanya, maana hakuweza kushika kisu cha jikoni, nilimwambia nisamehe.

"Ilikuwa imeshaanza kushuka," akasema. "Niliisubiri peke yangu hadi ikaanza kushuka. Ndiyo maana niliwasha mashine. Ningemaliza mstari, Mama."

"Najua."

"Hujui. Nilikuwa nimefurahi. Dakika moja hivi nilikuwa nimefurahi kweli kweli, halafu mlango ukafunguka." Akasogeza bakuli. "Kata ndogo ndogo."

Nilikata ndogo ndogo.

Msimamizi alimsubiri, zaidi ya muda aliosema, kwa kuwa ajali ilitokea chini ya usimamizi wake na kwa kuwa kila mtu aliona nani alifungua mlango. Rula aliendelea na chumba namba tisa. Nami mshauri aliniita, nikaenda, nikakaa kwenye kile kiti, nikamwambia kuhusu viatu na ukingo wa kitanda, jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu tangu mazishi. Hakunipa pole nyingi. Aliniuliza napima mapigo ya binti yangu mara ngapi kwa siku. Nikasema siku hizi mara moja. Akasema mara moja kutoka ngapi. Nikasema sikuwahi kuhesabu.

Siku aliyorudi kwenye meza, Rula hakuingia moja kwa moja. Alikuja akakinyanyua kigoda changu kwa mkono wa kulia, akavuka nacho karakana nzima, akapita mashine za vifungo, akapita meza ya pasi, akakiweka kule mwisho, kando ya mapipa ya vipande. Ni mahali penye giza kidogo. Mlango wa kukatia huuoni kutoka pale, nguzo inauziba.

"Hapa mwanga hautoshi," nikasema.

"Tutaomba taa."

Akaenda. Nikasikia mlango unafungwa, kwa mbali. Nikasikia kisu.

Bado inamjia. Si kama zamani, labda mara moja kwa mwezi, na chai amerudia, ila foleni za umeme bado anazipanga akiwa na uso wa mtu anayeng'olewa jino. Meza ni yake. Kidole hakitarudi. Yote mawili ni kweli, na siku nyingine sijui nianze na lipi.

Siku ile aliporudi kwenye meza kisu kilinyamaza mara mbili. Mara ya pili kikanyamaza kirefu. Mashine za vifungo zilikuwa zinapiga kelele karibu yangu, kwa hiyo hata ukimya wenyewe niliupata kwa shida, kama mtu anayesikiliza ukutani. Moyo wangu ukaanza. Hewa ikaanza kuwa nzito. Nikashika shati mkononi na kimkasi mkono mwingine, nikabaki nimekaa, na nguzo mbele yangu, na sikuwa na saa ya kutazama kwa sababu nilikuwa nimeiacha nyumbani makusudi.

Kisha kwa mbali kikavuma. Kikafuata mstari, kikashusha sauti kwenye kona, kikaendelea.

Nilipotazama mapajani nikakuta nimekata mfuko wa lile shati, kutoka juu hadi chini, na nusu ya mshono wa pembeni. Sikukumbuka kukata. Nikasimama, nikampelekea msimamizi, nikamwambia hili nimeliharibu mimi.

Akaligeuza geuza. "Ulikuwa unawaza nini, Mama Rula?"

"Nilikuwa nimekaa," nikamwambia.